Tulivyochungana Kyoto

Maziwa yakiletwa kutoka dukani, yaya mkubwa aliyanusa kabla hayajafunguliwa. Alinusa kifuniko, akasoma tarehe, akaigusa chupa kwa nyuma ya mkono kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akasema, "Haya, tutaona." Sikuwahi kumsikia akisema maziwa ni mazuri, hata siku ambazo watoto waliyamaliza.

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika nyumba moja huku Umm Salal, nje kidogo ya Doha. Yeye alikuwa yaya wa watoto wote watatu, mimi msaidizi wake na mwosha vyombo. Yeye Mkenya wa magharibi, mimi Mtanzania wa Tanga. Kwa umri angeweza kunizaa kama angeanza mapema, lakini alikataa nimwite mama. "Mama ya nani? Mimi sijakuzaa. Niite Dada." Basi nikamwita Dada, na watoto wakamwita Yaya. Jina lake silitaji hapa kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda litajwe. "Mtu akishajua jina lako," alisema, "ataanza kukuita."

Amefariki kwao. Habari niliipata kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa kanisani kwake, nikiwa natandika vitanda. Niliusikiliza, nikamaliza kutandika, kisha nikakaa juu ya kitanda nilichokitandika. Mimi si mtu wa kulia kwa sauti, na shule nimeishia darasa la saba, kwa hiyo maneno makubwa ya msibani sina. Nitaandika nilichokiona.

Dereva wetu alikuwa Mzanzibari mwenye adabu zake. Kila asubuhi akija kuchukua watoto wa shule alimwamkia, "Shikamoo, Dada."

Yaya alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nakuamkia tu."

"Jana pia uliniamkia."

Dereva alinigeukia mimi kama anayeomba msaada, nami niliinamia vyombo vyangu ili nisicheke. Hakuacha kumwamkia, na Yaya hakuacha kumuuliza. Nadhani mwishowe hiyo ndiyo ikawa salamu yao.

Ijumaa, siku ya mapumziko huku, alikwenda kusali Mesaimeer, kule kwenye makanisa, na alikaa kiti cha karibu na mlango. Niliwahi kumuuliza kwa nini asikae mbele na wenzake. "Mchungaji akisema tuombe, wote wanafumba macho," alinijibu. "Sasa nani anachunga mikoba?" Yeye alisali macho wazi. Alisema Mungu hajawahi kulalamika.

Chakula cha watoto alikionja kwanza, chote, hata biskuti za pakiti. Kuku akipikwa na madamu mwenyewe, bado Yaya alikata kipande, akatafuna taratibu, akangoja. Madamu alichukia sana jambo hilo lakini hakulikataza, na mimi nafikiri ni kwa sababu hakuna mama anayeweza kumkataza mtu asife kwanza badala ya mwanawe.

Ila alikuwa na jambo moja ambalo sikuwahi kulielewa. Mtu huyu ambaye hakuwaamini mchungaji, dereva, wala utabiri wa hali ya hewa, aliamini kila neno lililotoka kinywani mwa mtoto. Siku moja Saif, yule wa katikati, alisema ameona nyoka chumba cha kufulia. Yaya alitoa nguo zote nje, akatuvutisha mashine ukutani mimi na dereva, tukafagia mpaka nyuma ya bomba. Hakukuwa na nyoka. Wiki iliyofuata Saif akasema nyoka amerudi, na tukavuta mashine tena.

"Dada, mtoto anatuchezea," nilimwambia huku mgongo unaniuma.

"Mtoto atapata faida gani akinidanganya?"

"Faida ya kutuona tunavuta mashine."

Alifikiri kidogo. "Basi hiyo ni ndogo," akasema. "Mpe."

Alikuja Doha akiwa ameahidiwa kufundisha chekechea. Ejenti wa Nairobi alimwonyesha hata picha ya darasa, lenye viti vidogo vya rangi. Alipofika alipewa ndoo na ufagio. Kisa hicho alinisimulia mara kadhaa, na kila mara viti vilikuwa vya rangi nyingine, kwa hiyo sijui sehemu gani ni ya kweli. Lakini najua kwamba alipokuwa peke yake na watoto, aliwapanga kwa urefu, akawaita kwa majina yao kamili, akawafundisha kuhesabu kwa Kiswahili. Maha, yule binti mkubwa, mpaka leo akijisahau anahesabu kwa Kiswahili cha Kakamega.

Sasa nije kwenye safari ya Kyoto, kwa sababu ndiyo iliyotufunga pamoja.

Baba wa nyumba alikuwa na shughuli zake Japani, madamu akaamua twende wote. Familia za huku zikisafiri, yaya husafiri nazo, na pasipoti ya yaya hukaa kwenye mkoba wa madamu. Kila kiangazi tunasikia kisa cha yaya aliyetoka hotelini katika mji fulani wa mbali kununua nepi, na mpaka leo nepi hazijafika. Rafiki wa madamu alikuwa amempoteza wake hivyo. Kwa hiyo kabla ya safari madamu alinifuata nikipiga pasi, akafunga mlango.

"Wewe ni mtu mkweli," aliniambia, kwa kile Kiingereza chetu cha nyumbani kilichochanganyika na Kiarabu. "Huyu mwenzako simwelewi. Kule, macho yako yasimwache. Akipotea yeye, wewe unarudi kwenu kwa ndege ya kwanza."

Nina watoto wawili Tanga, wanakaa kwa dada yangu, na walisoma kwa mshahara huo. Nilisema sawa, madamu. Ningesema nini?

Lakini siri tumboni mwangu haikai. Asubuhi ya kwanza Kyoto, tukiwalisha watoto kwenye mkahawa wa hoteli, nilishindwa.

"Dada, nina neno."

"Nilijua."

"Hujalisikia bado."

"Sema basi, tuone kama nilijua."

"Madamu amenituma nikuchunge. Anaogopa utakimbia."

Yaya aliendelea kupaka siagi kwenye mkate wa mdogo wao. Hakushtuka hata kidogo. "Na mimi amenituma nikuchunge wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Amesema wewe ni mtu mkweli. Ati watu wakweli ndio hukimbia, kwa sababu hakuna anayewafungia mlango."

Nilimkazia macho. Uso wake haukusema kitu. "Ni kweli hayo, Dada?"

"Sasa utajuaje?" akasema, akauma ule mkate kabla ya kumpa mtoto.

Nilikuwa nimetua mzigo mmoja na kujitwika mwingine. Kama alisema kweli, tulikuwa askari wawili tukilindana sisi kwa sisi. Kama alidanganya, basi nimemwonya mtu anayetaka kukimbia kwamba anachungwa, na watoto wangu Tanga wangeacha shule kwa mdomo wangu.

Mambo yakazidi kunitia wasiwasi. Madamu alilala mpaka adhuhuri, baba alikuwa kwenye mikutano yake, na asubuhi zote zilikuwa zetu na watoto. Msichana wa mapokezi alitupa ramani yenye mahali panapopendwa na wageni. Yaya aliikunja akamrudishia. "Hapa watu ni wengi," akamwambia kwa Kiingereza. "Onyesha sisi mahali hakuna mtu."

Msichana alifurahi kama aliyesubiri kuulizwa swali hilo maisha yake yote. Alichora kwa kalamu bustani ndogo, mahekalu ya vichochoroni, jumba moja la kale na nyumba ya chai isiyo na kibao.

"Kwa nini mahali pasipo na watu?" nilimuuliza Yaya kwenye lifti.

"Kwenye watu wengi mtoto anapotea."

Moyoni nilijibu: na kwenye watu wachache anapotea mtu mzima.

Basi tukatembea Kyoto hivyo. Hakuna aliyetaka kutangulia, kwa sababu anayetangulia hamwoni aliye nyuma. Kwenye njia nyembamba kando ya mfereji, watoto walikwenda mbele, na sisi tukawafuata ubavu kwa ubavu kama kaa wawili, tukigongana viwiko. Maha aligeuka akauliza kwa nini hatutembei vizuri. "Tunaangalia mandhari," Yaya alimjibu. Mandhari yenyewe ilikuwa ukuta.

Lile jumba la kale lilikuwa la wakubwa wao wa zamani. Ulivua viatu mlangoni, ukaingia na soksi kwenye ukumbi mrefu wa mbao, na kila hatua sakafu ililia kwa sauti nyembamba, kama kifaranga. Maha alisoma kibao cha Kiingereza akatueleza: watu hupenda kusema kwamba mbao zinalia ili adui asiweze kuingia kimyakimya.

Yaya alisimama. Akarudi nyuma hatua moja, akakanyaga tena, akasikiliza. Sikuwahi kumwona na uso ule. "Hawa," akasema, "ni watu wangu."

Saif alijaribu kutembea bila kuiliza sakafu: kwa vidole, kwa visigino, mwishowe kwa tumbo, akitambaa. Ikalia tu. Yaya alimshangilia kila jaribio na kila kushindwa. Alikaa mle mpaka mlinzi akaanza kututazama, naye akamtazama mlinzi mpaka mlinzi akaangalia pembeni.

Kwenye vichochoro tulikuta vijisanamu vya mawe, vifupi, vina nyuso za watoto, vimefungwa vitambaa vyekundu shingoni kama watoto wanaotaka kulishwa. Mimi ni Mwislamu na sanamu zinanipa mashaka, nikawavuta watoto. Mdogo alitaka kuvipa biskuti. Bibi mmoja alikuwa anafagia pale, na Yaya akamuuliza kwa mikono: hawa ni nani? Bibi aliweka ufagio chini. Akaonyesha kimo cha mtoto mdogo, karibu na goti lake, kisha akainua kiganja polepole kuelekea mbinguni.

Tulielewa. Tuliondoka, lakini nilipogeuka, Yaya alikuwa bado pale. Kitambaa cha kisanamu kimoja kilikuwa kimelegea. Alipiga magoti, akakikaza, akakinyoosha kwa vidole viwili. Kisha akatazama huku na huku kuona nani amemwona.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimeona unakaza kitambaa."

"Haya. Kapeleke ripoti."

Sikumuuliza kitu, siku ile wala baadaye. Kuna maswali ambayo hata mtu mkweli anatakiwa kuyameza.

Kwenye nyumba ya chai mzee mwenyeji alituletea chai ya kijani nzito na vitamu vyenye umbo la majani. Yaya akaonja kimoja, akakaa kimya akingoja sumu ianze kazi, watoto watatu wakimkodolea macho. Mzee akadhani ndiyo heshima ya kwetu, akainama. Yaya akainama. Mzee akainama tena. Yaya, ambaye hakukubali mtu mwingine awe wa mwisho kwa jambo asilolijua mwisho wake, akainama zaidi. Iliendelea hivyo mpaka Saif akala vitamu vyote. Tulipotoka Yaya alisema, "Yule mzee anaficha kitu." Kisha, baada ya hatua chache, "Lakini ni mtu mzuri."

Asubuhi ya mwisho tulikwenda kwenye hekalu dogo chini ya kilima. Bustani yake ilikuwa kuvumwani tupu, ardhi yote kijani kama zulia, na watu hawakuwepo isipokuwa sisi. Hata watoto walishusha sauti wenyewe. Maha alikaa na Saif kwenye ngazi wakitazama samaki bwawani. Mimi nilikuwa nyuma ya jengo na mdogo. Niliporudi, Yaya hakuwepo bustanini.

Nilimbeba mdogo nikakimbia, na nikamwona: alikuwa nje ya lango, barabarani, ameushika mkoba wake kifuani, anatazama barabara inayoteremka kwenda stesheni. Sikumwita. Sauti haikutoka. Nilisimama juu ya mawe nikiwaza watoto wangu, na nikiwaza nitamwambia nini Maha.

Kisha aligeuka. Akatuona. Akarudi ndani kwa mwendo wake wa kawaida, akapita karibu nami bila kunitazama. "Twendeni," akawaambia watoto. "Mna njaa."

Tuliporudi Doha madamu alinipa chupa ya manukato, na Yaya akampa nyingine kama ile ile, ya duka lilelile. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba huenda kweli tulitumwa wote wawili. Yaya aliinusa yake ikiwa bado imefungwa kwenye boksi.

Miaka ikapita. Watoto walikua, kazi yake ikapungua, na Yaya akahamia kwenye nyumba nyingine kule The Pearl, kwa familia yenye mtoto mchanga. Tulibaki kupigiana simu. Aliniambia wanamtunza. Aliniambia figo zinamsumbua. Halafu akaniambia anarudi kwao, na kama nataka kumwona nije Mesaimeer Ijumaa, baada ya ibada.

Nilimkuta nje, karibu na maegesho ya magari, amekaa ukingoni mwa barabara na flaski ya chai. Wakenya wenzake walikuwa wamesimama vikundi vikundi, wakicheka na kupeana habari za nyumbani. Alikuwa amekonda, na miguu imevimba. Alinimiminia chai na nikanywa. Hakuionja kwanza, lakini ilikuwa yangu, si ya mtoto.

"Dada," nikamwambia, "nikuulize kitu?"

"Uliza. Nitaona kama nitajibu."

"Siku ile ya mwisho Kyoto. Ulitaka kukimbia?"

Alicheka kidogo. "Miaka yote hii ulikuwa umelikalia hilo swali?"

"Nimelikalia."

"Ndiyo," akasema. "Kulikuwa na mama wa kwetu anaishi Osaka, tulijuana kanisani hapa. Alikuwa stesheni pale chini, ananingoja. Nilitoka langoni. Mkoba ninao."

"Na pasipoti?"

"Pasipoti nini? Mtu akitaka kwenda anaenda." Akakunja na kukunjua kitambaa mkononi. "Kabla ya kutoka nilikutafuta kwa macho. Nikakuona nyuma ya jengo. Ulikuwa umenipa mgongo. Umeinama, umenipa mgongo kabisa, na unajua niko pale. Nikasema, huyu msichana ameamua. Ana watoto wake Tanga, anajua akirudi bila mimi atafukuzwa, na bado ameniachia njia."

Niliweka kikombe chini.

"Nilifika barabarani, miguu ikakataa," akaendelea. "Mtu akikushika, unamponyoka. Lakini mtu akikuachia, sasa utaenda wapi? Nimekaa Doha na watu wengi, we Mtanga. Hakuna mwingine aliyewahi kunifanyia hivyo. Nilikuwa nataka ulijue kabla sijaenda."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Sijui wengine wangefanya nini. Labda wangekubali tu, wakanyamaza, na pengine ingekuwa sawa. Mimi sijui kukaa na kitu ambacho si changu.

"Dada," nikasema, "mdogo alikuwa amejikojolea."

"Eh?"

"Nyuma ya lile jengo. Alijikojolea. Nilikuwa nimeinama namvua suruali, nikimficha ndugu zake wasimcheke. Sikujua uko wapi. Nilipokukosa nilikimbia karibu nife. Sikukuachia njia, Dada. Ningekuona unatoka ningekushika."

Alinitazama muda mrefu, kwa macho yale yale aliyomtazamia dereva. Nilingoja akasirike. Nilingoja niyaone yale machozi yakikauka. Badala yake akaanza kucheka, taratibu, mpaka akashika ubavu.

"Umekaa na mimi miaka yote," akasema, "na bado hujui kudanganya."

"Sidanganyi, Dada. Wallahi alijikojolea."

"Sawa. Alijikojolea."

"Ni kweli!"

"Nimesema sawa."

Wenzake walianza kumwita, basi lao lilikuwa limefika. Nilimsaidia kusimama. Nilisema mara ya tatu, nikimshika mkono, kwamba ni suruali tu, kwamba sikufanya lolote. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, watu walio karibu nasi, mmoja mmoja. Kisha akanisogezea mdomo sikioni na kunipigapiga mkono, kama anavyotulizwa mtoto aliyeota vibaya.

"Usiogope," akaninong'oneza. "Sitamwambia mtu."